Porsche 911 GT3 ya 2014: Kwa Nini Injini 785 Zilibadilishwa

Porsche 911 GT3 ya kizazi cha 991 ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Geneva mwaka 2013 ikiwa na injini mpya ya lita 3.8: silinda sita za kulala, nguvu za farasi 475 na uwezo wa kuzunguka mara 9,000 kwa dakika. Matoleo ya GT3 yaliyotangulia yalitumia injini iliyosanifiwa na Hans Mezger, ambayo sifa yake ya uimara ilijengwa kwenye mashindano.

Magari mawili ya aina hiyo yaliungua barani Ulaya. Februari 2014 kampuni iliwataka wenye magari wasiyaendeshe. Uchunguzi ulionyesha kuwa skrubu za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, zilikuwa zimelegea. Konrodi ikafyatuka, ikapasua kasha la injini, oili ikamwagika na kushika moto.

Skrubu hizo hubeba mzigo mzito. Katika kasi ya mizunguko 9,000, pistoni hupanda na kushuka mara 150 kila sekunde. Mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, hakuna mlipuko juu ya pistoni wa kuisukuma irudi chini, hivyo konrodi huivuta, na mvuto wote huishia kwenye skrubu mbili. Kasi ikiongezeka maradufu, mvuto huongezeka mara nne. Skrubu hushika kwa sababu imekazwa hadi ikavutika kidogo. Mkazo huo ukipungua, kishikio cha konrodi huanza kufunguka na kugongagonga, na dereva huenda asipate muda wa kuzima injini.

Machi 2014 Porsche ilitangaza kubadilisha injini za magari yote 785 ya mwaka huo wa modeli, na kufunga injini zenye skrubu zilizoboreshwa. Kubadilisha skrubu peke yake kungeonekana nafuu, lakini ili kuzifikia ni lazima injini ishushwe na kasha lake litenganishwe vipande viwili. Kazi ya namna hiyo, katika injini inayozunguka kwa kasi kiasi hicho, haifai kugawiwa karakana nyingi zenye mafundi wa viwango tofauti. Uamuzi ulikuwa wa gharama, na ulikuwa sahihi.

Injini hiyo ilikuwa na udhaifu mwingine, usio wa moto. Vidole vinavyosukuma valvu viliweza kulika pamoja na kemshafti, injini ikaanza kukosa kuwaka sawasawa. Kwa tatizo hilo Porsche iliongeza dhamana ya injini hadi miaka 10. Nchini Marekani kikomo chake kilikuwa maili 120,000. GT3 ya lita 4.0 iliyotoka mwaka 2017 iliacha kabisa virekebishi vya valvu vinavyotumia shinikizo la oili, vilivyokuwa kwenye injini hiyo ya lita 3.8. Anayenunua GT3 ya 2014 iliyotumika aombe kumbukumbu za matengenezo na alinganishe namba ya injini nazo kabla ya kulipa.