Ufundi wa Mtu wa Kilo 52

Katika vijiji vya Waalbania na Waturuki wa Masedonia, jando la mtoto wa mwenye uwezo lilitangazwa kwa ngoma na zumari, na zumari ikishalia watu walijua kwamba mieleka ipo. Wapelivani, kama wanavyoitwa mabingwa wa mieleka ya kienyeji huko, walivua mashati, wakavaa suruali za ngozi, wakajipaka mafuta mwili mzima, kisha wakakamatana juu ya majani mbele ya wazee. Mshindi aliondoka na kondoo dume. Mafuta yale yalikuwa na kazi yake: yalimnyima mwenye misuli faida ya kubana tu. Mwili uliopakwa mafuta haushikiki kwa nguvu. Unashikwa na anayejua pa kushika na wakati wa kushika.

Mieleka ya kumbini, yenye mkeka, mwamuzi na mizani, ilipoenea katika miji ya Yugoslavia, ambayo Masedonia ilikuwa sehemu yake, ilikuta huko watu ambao tayari walikuwa na jicho la kuupima mchezo. Baba aliyekulia pembeni mwa uwanja wa wapelivani hakuhitaji kuelezwa tofauti kati ya kijana anayesukuma na kijana anayepigana mieleka.

Mwanamieleka Shaban Tërstena alitoka katika mazingira hayo. Ni Mwalbania mzaliwa wa mji wa Skopje, Masedonia, mwaka 1965, na kumbukumbu za Olimpiki humwandika Šaban Trstena, kwa tahajia ya Kislavoni. Skopje alikozaliwa ilikuwa mji unaojengwa upya, kwani tetemeko la tarehe 26 Julai 1963 lilikuwa limeua zaidi ya watu 1,000 na kubomoa sehemu kubwa ya makazi. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua mji huo kwa sababu nyingine, kwamba ndiko alikozaliwa Mama Teresa mwaka 1910, naye katika familia ya Kialbania. Tërstena ana haki ya kujulikana pia, na sababu yake ni ufundi.

Neno mieleka limeharibiwa kidogo na televisheni. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kimekua kikitazama ile ya Kimarekani, yenye kamba, vinyago na majitu yanayorushana kwa makubaliano. Mieleka ya Olimpiki ni kitu kingine kabisa. Hakuna ngumi, hakuna teke, hakuna kuruka kutoka juu ya kamba. Wapinzani ni wawili, wa uzito mmoja, ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 9, kila mmoja akitaka kuyaweka mabega yote mawili ya mwenzake chini. Anayefaulu hilo amemaliza pambano hata kama alikuwa nyuma kwa alama nyingi.

Ipo mitindo miwili. Ule wa Kigiriki na Kirumi unakataza kushika chini ya kiuno, hivyo ni mchezo wa vifua, mikono na kutupana. Mtindo huru unaruhusu miguu ishikwe na itumike, na kanuni hiyo moja inabadilisha kila kitu. Miguu ikiwa halali, hakuna kusimama wima na kutunisha kifua. Mtu anainama, anashusha nyonga, anaweka mikono mbele kulinda magoti, na anaanza kumsoma mwenzake kwa viganja: anagusa kiwiko, anavuta shingo kidogo, anaachia. Kama mvuvi anavyousikia mshipi kidoleni kabla hajamwona samaki, ndivyo mwanamieleka anavyosikia mguu gani wa mpinzani umebeba uzito. Mguu uliobeba uzito hauwezi kukimbia, na huo ndio anaoufuata.

Kinachofuata huchukua muda mfupi kuliko kukisoma hapa. Mshambuliaji anazama, goti moja linagusa mkeka katikati ya miguu ya mwenzake, kichwa kinabanwa ubavuni, mikono inafungana nyuma ya paja. Mlinzi mzuri hutupa miguu yake nyuma na kumlalia mshambuliaji mgongoni ili kumwelemea. Mshambuliaji mzuri zaidi alishalijua jibu hilo, hivyo hasukumi mbele tena. Anageuka pembeni na kumvuta mwenzake kuelekea pale ambapo hana mguu wa kusimamia. Wakishafika chini kazi mpya inaanza, ya kumkumbatia kiuno na kumviringisha, au kumfunga vifundo vya miguu na kumgeuza mara mbili, mara tatu, kila mzunguko ukihesabiwa alama. Mtoto wa Pwani anayejua kupiga mtama ana nusu ya wazo. Nusu nyingine ni miaka kumi ya kurudia.

Uzuri wa ufundi huu huonekana zaidi kwa watu wadogo. Katika Olimpiki ya mwaka 1984 kulikuwa na daraja kumi za uzito, kuanzia kilo 48 hadi zaidi ya kilo 100. Tërstena alikuwa wa daraja la pili kutoka chini, kilo 52. Jitu la kilo 120 likikosea hatua linaweza kuokolewa na ukubwa wake. Mtu wa kilo 52 akikosea, mwenzake ameshafika nyuma yake. Halafu kuna mizani. Karibu kila mwanamieleka hupigana chini ya uzito wake wa kawaida, kwa hiyo siku za mwisho kabla ya kupimwa ni siku za jasho na kiu, na mwenye mwili mdogo hana pa kupunguzia. Watazamaji hawazioni siku hizo, nazo ni sehemu ya kazi.

Ufundi wa namna hii haujifunzwi kitabuni. Unapokewa mwilini, kutoka kwa anayekuangusha kila jioni mpaka siku utakapojua kwa nini unaanguka. Masedonia ilikuwa na mwili wa namna hiyo tayari. Shaban Sejdiu, Mwalbania mwenzake Tërstena, alikuwa ameleta shaba kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 katika kilo 68, na mwaka 1984 alipata shaba nyingine baada ya kupanda hadi kilo 74, katika daraja ambalo dhahabu yake ilikwenda kwa Mmarekani Dave Schultz. Kupanda daraja na kubaki kwenye jukwaa la washindi ni jambo gumu mno, na Sejdiu angestahili makala yake mwenyewe. Tena mwaka 1981 mashindano ya dunia ya mtindo huru yalifanyika Skopje. Wasovieti, Wajapani, Wabulgaria na Wamarekani, mabwana wote wa mchezo, walikuja kupigana katika mji wa kijana Tërstena. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Miaka mitatu baadaye alikuwa California. Mashindano ya mieleka ya Olimpiki ya Los Angeles yalifanyika Anaheim, na katika kilo 52 Tërstena, mwenye miaka 19, alimshinda Kim Jong-kyu wa Korea Kusini katika fainali. Yugoslavia, ambayo mapema mwaka huohuo ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi mjini Sarajevo, iliondoka Los Angeles na dhahabu 7, na mbili kati yake zilitoka kwenye mieleka: yake, na ile ya Vlado Lisjak katika mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Albania yenyewe haikuwepo. Nchi ya mtawala Enver Hoxha ilishiriki Olimpiki mara moja tu, mwaka 1972, kisha ikakaa nje hadi 1992. Wimbo wa taifa uliopigwa kwa ajili ya Mwalbania yule ulikuwa wa Yugoslavia.

Dhahabu ya 1984 ina swali lake, na si haki kulikwepa. Umoja wa Kisovieti na washirika wake wengi waliususia mji wa Los Angeles, na mieleka ndiyo iliyoumia kuliko michezo mingi. Katika kilo 52 alikosekana Mbulgaria Valentin Jordanov, bingwa wa dunia wa 1983, ambaye angemaliza kazi yake akiwa na mataji saba ya dunia. Yupo atakayesema kwamba dhahabu bila Jordanov ni nusu ya dhahabu.

Majibu ni mawili. La kwanza lilisimama palepale jukwaani, kwenye ngazi ya shaba. Mjapani Yuji Takada alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1976 na bingwa wa dunia mara nne, fundi ambaye wengi humweka miongoni mwa wakubwa kabisa wa uzito huo. Mwaka 1980 Japani iliposusia Moscow, Takada alilia machozi mbele ya waandishi wa habari. Alipopata tena nafasi alikuwa na miaka 30. Kususia kulimwibia mwanamume huyu miaka yake bora, na hakuna aliyesema dhahabu ya Moscow ni nusu kwa sababu yeye hakuwepo. Wanamieleka hawachagui nani aje. Wanapigana na aliyekuja.

Jibu la pili ni Seoul, 1988, nalo ndilo lenye uzito. Safari hii Wasovieti walikuwepo, Wabulgaria walikuwepo, Wajapani na Wamarekani pia. Tërstena alirudi katika kilo zilezile 52, miaka minne baadaye, katika uzito ambao mwili wa kijana huukimbia kadiri anavyokomaa. Alifika fainali. Alifungwa na Mjapani Mitsuru Sato na kuchukua fedha, mbele ya Msovieti Vladimir Toguzov aliyepata shaba. Jordanov hakupata medali. Kwa hiyo anayetaka kumpima Tërstena aanze na Seoul. Dhahabu ndiyo iliyomtangaza, lakini ushahidi wa ufundi wake uko kwenye fedha, kwa sababu ilipatikana mlango ukiwa wazi kwa wote.

Kisha nchi ikavunjika. Masedonia ilijitangazia uhuru mwaka 1991, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaiwekea vikwazo Yugoslavia iliyobaki. Wanamichezo wa Serbia, Montenegro na Masedonia waliruhusiwa kuingia Barcelona kama washiriki huru, chini ya bendera ya Olimpiki yenyewe. Tërstena alikuwa mmoja wao. Medali hakupata. Kilo 52 ya mwaka huo ilikwenda kwa Ri Hak-son wa Korea Kaskazini, na Jordanov hatimaye akavaa medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba. Mtu aliyeanza chini ya bendera moja alipigana sasa chini ya ile isiyo ya nchi yoyote, lakini mkeka ulikuwa uleule wa mita 9.

Mkeka huo wenyewe ulikaribia kuondolewa. Kuanzia 2005 mamlaka za mchezo ziligawa pambano katika vipande vya dakika mbilimbili, na kipande kikiisha bila alama, mwamuzi alichomoa mpira wa rangi mfukoni ili kuamua nani apewe mguu wa mwenzake aushike bure. Yaani jambo gumu kuliko yote katika mtindo huru, kuufikia mguu, likageuzwa bahati nasibu. Watazamaji walichoka, na walikuwa na haki. Februari 2013 viongozi wa Olimpiki walipendekeza mieleka iondolewe kwenye michezo ya 2020. Mchezo uliokuwepo katika Olimpiki ya kale ya Ugiriki! Mei mwaka huo timu za Marekani na Iran, nchi zisizopatana kwa mengi, zilipigana mieleka pamoja na Warusi ndani ya stesheni ya Grand Central mjini New York ili kuutetea. Uongozi wa shirikisho la dunia ukabadilika na kushikwa na Mserbia Nenad Lalović. Mpira wa rangi ukatupwa, pambano likawa tena la vipindi viwili vya dakika tatu, na kumwangusha mtu kukapandishwa kutoka alama moja hadi mbili. Septemba mieleka ikarudishwa. Mageuzi hayo yaliuokoa mchezo kwa kuurudishia malipo fundi anayeshambulia.

Matunda yake Albania imeyaona. Septemba 2022, mjini Belgrade, Zelimkhan Abakarov alitwaa ubingwa wa dunia wa kilo 57 akiiwakilisha Albania, kwa kumshinda Mmarekani Thomas Gilman katika fainali. Mwaka 2024, mjini Paris, Chermen Valiev alipata shaba katika kilo 74 na Islam Dudaev akapata nyingine katika kilo 65. Hizo ndizo medali za kwanza za Olimpiki katika historia nzima ya Albania, zote mbili za mieleka ya mtindo huru.

Wote watatu walifundwa Kaskazini mwa Kaukazi, ambako mieleka ni karibu dini ya pili, na wakapewa uraia baadaye. Wapo wanaonung'unika kwa hilo, na manung'uniko hayo hayawatendei haki watu waliotoa jasho kwa jina la nchi iliyowapokea. Medali ni zao na ni za Albania. Ila pasi ya kusafiria huandikwa kwa siku moja, na ukumbi wenye kizazi juu ya kizazi hujengwa kwa miongo. Tërstena hakutokea peke yake. Alikuwa na wapelivani nyuma yake, Sejdiu mbele yake, na mashindano ya dunia mjini kwao akiwa kijana. Shirikisho la Tirana lililoweza kuwapata Valiev na Dudaev liwaweke sasa kwenye mkeka mmoja na watoto wa Shkodër, Durrës na Tirana, wakati mikono yao ingali na nguvu za kufundisha.