Soni, Chinsoni na "Picha za Aibu"

Picha za uchi zinazopelekwa kwa simu baina ya wapenzi, kisha zikaenea, aghalabu huitwa "picha za aibu". Msemo huu wafaa kupimwa, kwani hutoa hukumu kabla ya shauri kusikizwa: aibu hubandikwa aliyepigwa picha, ilhali aliyeieneza hatajwi.

Huko Kisii na Nyamira, Ekegusii kina neno linalostahili kulinganishwa na msemo huo. Chinsoni, lenye nasaba moja na soni ya Kiswahili, ni jina la kanuni za staha baina ya vizazi vinavyofuatana. Kwa mila, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mambo ya unyumba hayatajwi mbele ya mkwe. Lakini watu wa rika moja huyazungumza, babu na mjukuu hutaniana, na wakati wa jando wimbo wa esimbore hutamka yasiyotamkwa siku nyingine. Basi chinsoni haiulizi tu ni jambo gani limesemwa, bali nani amelisema mbele ya nani.

Kwa kipimo hicho, mvunjaji wa staha ni yule aitupaye picha ya mwenziwe katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ambamo baba mkwe na mkaza mwana husoma ujumbe mmoja. Hata hivyo, mila isipambwe kupita kiasi: kanuni hizo hizo zaweza kugeuzwa fimbo ya kumchapia msichana peke yake.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta, katika kifungu cha 37, humlenga mwenezaji: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Hapa sheria na chinsoni zaelekea kuafikiana. Kasoro ni kwamba kifungu hicho chaweka bega kwa bega picha ya faragha na picha chafu, wala hakitaji ridhaa. Faragha ni haki ya mtu. Uchafu ni tuhuma juu yake. Na kwa walio chini ya miaka 18 hiari haina nafasi: kifungu cha 24 hukataza kutengeneza, kueneza na hata kuhifadhi picha za ngono za watoto, na adhabu yaweza kufika miaka 25.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2016, mshindi wa taji la urembo alipovuliwa taji baada ya picha zake kuvujishwa. Waandalizi waliona aibu. Mahakama Kuu iliona faragha iliyovunjwa, ikaamuru mpenzi wake wa zamani alipe fidia ya shilingi milioni 1.

Hapana budi, basi, wanalugha waseme "picha za faragha zilizovujishwa". Istilahi hiyo huuliza swali ambalo "picha za aibu" hulifunika: ni nani aliyezivujisha?