Kitako cha Bunduki na Kitako cha Kiti

Kiti cha Enzi cha Silaha, alichokiunda Cristóvão Canhavato (Kester) mjini Maputo mwaka 2001, kilinunuliwa na British Museum ya London mwaka 2002, kisha kikatembezwa katika maonyesho, hata magerezani. Silaha zake zilitokana na mradi ulioanzishwa na Baraza la Kikristo la Msumbiji mwaka 1995: aliyesalimisha bunduki alipewa jembe, cherehani au baiskeli.

Wengi hukisifu kuwa ishara ya amani ya taifa. Sifa hiyo ni finyu. Jamaa wawili wa msanii walipoteza miguu kutokana na vita vya 1977 hadi 1992. Msiba huu ulianzia nyumbani. Nguvu ya kazi imo katika kutoyeyushwa kwa chuma. Bunduki zimekatwa na kuchomelewa, lakini mtutu ungali mtutu, na kitako kingali kitako (Kiswahili, kwa bahati, kimekwisha kuliunganisha neno hilo na kuketi). Kidonda kimefunga, kovu limeachwa wazi.

Tatizo ni jina. Kiti cha enzi, kwa mwenyeji wa Lamu, huwekewa mgeni mheshimiwa. Hiki hakimkaribishi yeyote.