Jina la Mtoto na Masikio ya Watu

Wazee wetu walinena, "Jina jema hung'aa gizani." Methali hii twaijua sote, nasi tumeifundisha darasani miaka mingi. Lakini haituambii neno juu ya jina jema lililochukuliwa na mtu mwovu hata likanuka. Je, laweza kung'aa tena? Na mzazi akimpa mtoto wake jina hilo, ametenda haki au amemdhulumu? Mambo mawili yametulazimisha kulipima swali hili. La kwanza ni mchezo wa Kifaransa tulioutazama katika sinema. La pili ni barua ya kijana mmoja, ambayo tutaieleza mahali pake.

Mchezo wenyewe waitwa Le Prénom, maana yake jina apewalo mtu mwenyewe, lisilo la ukoo. Watungaji wake ni wawili, Matthieu Delaporte na Alexandre de La Patellière. Ulichezwa kwanza jukwaani mjini Paris mwaka 2010, na mwaka 2012 watungaji wale wale wakaufanya sinema. Habari yake ni hii. Pierre, mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu, na mkewe Élisabeth, ambaye naye ni mwalimu, wamewaalika jamaa zao kwa chakula cha jioni. Amekuja Vincent, ndugu yake Élisabeth, na Claude, rafiki yao tangu utoto. Anna, mke wa Vincent, ni mja mzito, naye amechelewa kufika. Basi wanamwuliza Vincent mtoto ataitwa nani. Anawaacha wabahatishe kwanza, kisha anatamka: Adolphe.

Hapo chakula kinasahauliwa. Pierre anawaka hasira, asema mtoto hawezi kuitwa jina la Hitler. Vincent anajibu kwamba jina hili ni la kijana katika kitabu cha Benjamin Constant kiitwacho Adolphe, kilichopigwa chapa mwaka 1816, tena herufi zake si zile za Kijerumani. Baadaye twapata kujua kwamba Vincent alikuwa akifanya mzaha tu. Jina walilolichagua kweli ni Henri, jina la baba yake. Lakini Anna anaingia asijue habari ya mzaha ule, na ugomvi unawaka upya. Usiku ule wanatoleana maneno na siri walizozificha miaka mingi.

Twausifu mchezo huu kwa jambo moja kubwa: watungaji wametambua kwamba watu wakigombana juu ya jina, mara nyingi wanagombana juu yao wenyewe. Pierre anajiona mlinzi wa haki na wa historia. Lakini watoto wake mwenyewe amewaita Apollin na Myrtille, majina ambayo hata Wafaransa ni wachache wanaoyatumia, na ambayo kazi yake ni kuwaonyesha wageni jinsi wazazi walivyosoma. Majina hayo anatupiwa usoni usiku ule ule. Nyani haoni kundule. Wala msomaji wetu asiwacheke Wafaransa. Mara ngapi tumeona hapa kwetu mtoto akipewa jina la mtawala kwa kuwa redio ilikuwa ikimsifu wiki ile, na kabla mtoto hajaota meno mtawala amekwisha kuanguka, na jina limebaki kama kanga ya uchaguzi uliopita?

Tena hoja ya Vincent, ijapokuwa aliitoa kwa mzaha, si ya mzaha. Kwa nini mtu mmoja mwovu aachiwe jina zima liwe lake? Na tuipime kwa mifano. Stalin jina lake lilikuwa Iosif, ndilo Yosefu. Wala hatujasikia kwamba Wakristo wameacha kuwaita watoto wao Yosefu kwa ajili yake. Mfano wa pili u karibu nasi zaidi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwaka 1978, naye akaangushwa mwaka 1979. Watanzania walimchukia hata wakamwita nduli. Lakini mtoto azaliwaye pwani siku ya sikukuu bado huitwa Idi, na hakuna jirani anayeshtuka. Sababu yake ni nini? Yosefu alikuwa na mwenyewe tangu zamani, anayetajwa katika sala nyumba kwa nyumba. Na Idi ni sikukuu, hurudi kila mwaka pamoja na mwezi. Katika majina hayo mwovu alikuwa mgeni tu. Alikuja akaenda zake, nyumba ikabaki ya wenyewe.

Jina la Adolf halikupata bahati hiyo Ulaya. Asili yake ni maneno mawili ya Kijerumani cha kale, moja la uungwana na moja la mbwa-mwitu. Lilikuwa na mtakatifu wake pia, askofu wa Osnabrück aliyekufa mwaka 1224. Lakini mtakatifu huyo hakutajwa nyumba kwa nyumba kama Yosefu, na baada ya mwaka 1945 wazazi wa Kijerumani karibu wote waliliacha jina hilo. Ndiyo maana kisa hiki kilipofanywa sinema ya Kijerumani mwaka 2018, jina halikuhitaji kubadilishwa. Waitalia, walipotengeneza yao mwaka 2015 wakaiita Il nome del figlio, waliliondoa Adolphe wakatia Benito, ili mtazamaji wa kwao ashtuke kwa jina la Mussolini.

Na hilo la Benito lina fundisho. Baba yake Mussolini alikuwa mhunzi, mtu wa siasa ya wanyonge. Mwaka 1883 alimpa mwanawe jina hilo kwa kumheshimu Benito Juárez, rais wa Meksiko, mzaliwa wa kabila la Wazapoteki, aliyetoka katika umaskini akaiongoza nchi yake hata mfalme aliyeletwa na majeshi ya kigeni akashindwa. Basi nia ya mhunzi yule ilikuwa njema kabisa. Alimtazama mtu mwema, akachukua jina lake, akampa mtoto. Nia yake haikulilinda jina. Mzazi hulitoa jina siku moja, na walimwengu hulitia maana siku zote zinazofuata.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki habari ni nyingine tena. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Kabaka Mwanga aliwachoma moto Wakristo waliokataa kuiacha imani yao. Miongoni mwao alikuwamo Adolfo Mukasa Ludigo. Jina lake la ubatizo lilikuwa limevuka bahari pamoja na wamisionari. Nao mapadre Wakatoliki wa kwanza wa Buganda, waliofika mwaka 1879, walitoka Ufaransa, nchi ile ile ya mchezo wetu. Hitler alizaliwa tarehe 20 Aprili 1889. Hesabu si ngumu: shahidi wetu alikuwa amekwisha kuteketea karibu miaka mitatu kabla yule mwingine hajaliliwa utotoni. Mwaka 1920 Papa Benedikto wa 15 alimtangaza pamoja na wenzake kuwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa 6 akawatangaza kuwa watakatifu. Kwa hiyo Mkatoliki wa Uganda au wa Tanzania akiitwa Adolfo, ana shahidi wa kumtaja. Mchezo wa Vincent ukiletwa katika ukumbi wa parokia huku kwetu, huenda watazamaji wangeulizana, "Kwani jina hili lina kosa gani?"

Lakini yatupasa kutenga mambo mawili yasichanganywe. Adolfo peke yake laweza kuwa jina la shahidi. Hitler halina shahidi. Mwaka 2020, huko kaskazini mwa Namibia, mtu aitwaye Adolf Hitler Uunona alichaguliwa kuwa diwani, akapata zaidi ya kura 8 katika kila kura 10. Yeye mwenyewe alieleza kwamba baba yake alimpa jina lile pengine bila kufahamu lilimaanisha nini, na kwamba utotoni aliliona kuwa jina la kawaida tu. Namibia ilikuwa koloni la Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, kama Tanganyika ilivyokuwa. Huko ndiko Waherero na Wanama walikouawa kwa maelfu tangu mwaka 1904 hata 1908. Waliomchagua walimjua mtu, hawakulijali jina. Hata hivyo habari zake zilienea dunia nzima, wala si kwa ajili ya kazi aliyowafanyia watu wake. Huo ndio mzigo tunaounena. Baba alilitamka jina nyumbani kwake, na mwana akalichukua mbele ya watu ambao baba hakuwaona kamwe.

Sasa twafika kwenye upungufu wa mchezo. Watungaji wameuliza swali kubwa, kisha wamelikimbia. Jina ni mzaha, basi hakuna wa kulijibu. Tena mwishoni mtoto anazaliwa msichana, na hata Henri hana pa kukaa. Watu wazima wanapigania Hitler, wanapigania vitabu, wanapigania heshima zao; lakini ni nani mezani pale aliyeuliza, "Mtoto huyu atakapoitwa darasani, itakuwaje?" Ajabu ni kwamba sheria ya nchi yao wenyewe inauliza hivyo. Tangu sheria ya tarehe 8 Januari 1993 mzazi wa Kifaransa yu huru kuchagua jina. Lakini mwandikishaji wa vizazi akiona kwamba jina litamdhuru mtoto, humpasha habari mwendesha mashtaka wa serikali, naye aweza kulipeleka shauri mbele ya hakimu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yawaagiza wazazi, wasimamizi na paroko wasitoe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Kwa kanuni hii Adolfo lapita bila shaka. Kwa sheria ile ya kwanza itategemea mtoto ataishi wapi.

Na hapa ndipo ilipotukuta barua tuliyoitaja. Kijana tuliyemfundisha zamani sasa anafanya kazi katika mji mmoja wa Ujerumani, na mkewe alikuwa akitazamia kujifungua mtoto wa kiume. Desturi ya kwao yataka mwana wa kwanza apewe jina la babu, na babu yule aliitwa Adolfo. Sisi tulimjua mzee huyo. Alikuwa mwashi, alibatizwa kabla ya Vita vya Pili kwa jina la shahidi wa Namugongo, na kila tarehe 3 Juni alikuwa wa kwanza kufika kanisani. Ukoo wote ulikuwa unangoja jina lake lirudi. Lakini mama wa mtoto aliuliza neno moja tu: "Siku ya kwanza ya shule mwalimu atakapolisoma jina hili kwa sauti, watoto wengine watamtazamaje mwanangu?" Mumewe alikosa jibu, akatuandikia sisi.

Tungalikuwa tunapigania haki ya jina tu, tungalimjibu, "Mpe, maana shahidi alitangulia." Neno hilo ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 6 hawezi kusimama kila asubuhi katika uwanja wa shule akawaeleza wenzake habari za Kabaka Mwanga. Ukweli ambao mtoto hana nguvu ya kuueleza haumkingi. Na kama watu wazima twataka kulikomboa jina hili, kazi hiyo ni yetu sisi, kwa kuandika na kufundisha. Si halali kumtuma mtoto mchanga aende kutupigania. Kwa upande mwingine, kulitupa kabisa jina la mzee ni kukubali kwamba Hitler ana haki zaidi juu yake kuliko mwashi aliyelichukua kwa unyofu tangu ubatizo wake hata kaburini.

Basi tulimshauri amwite mwanawe Ludigo. Nalo ni jina la shahidi yule yule, babu hakosi heshima, na huko aliko halimkumbushi mtu maovu. Desturi ya mtu kuwa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la nje, si ngeni kwetu; pwani na bara wazee wameitumia vizazi vingi. Akija likizo kwao, bibi yake atamwita Adolfo apendavyo, na kwa utani wa bibi na mjukuu atamwita mume wangu, wala hakuna atakayeshtuka uani. Akiisha kukua na kupata nguvu ya kuieleza habari yenyewe, atachagua alitumie jina lipi.

Wapo watakaosema kwamba tumekubali nusu ya kushindwa. Huenda ni kweli. Lakini tumeona ni afadhali jina lingoje miaka michache kuliko mtoto kulipa deni asilolikopa. Wasomaji walio na habari za majina ya namna hii katika makabila yao, yaliyochafuliwa na mtu au na jambo, na jinsi wazee walivyoyatengeneza, tunawaomba watuandikie ili desturi hizo zisipotee bila kuwekwa katika maandiko.