"Sailensa" Iko Juu: Uhakiki wa Neno la Gereji

Miongoni mwa maneno ambayo mafundi wa magari wameyaingiza katika Kiswahili bila kungoja kamati ya istilahi, "sailensa" ni mojawapo linalostahili kuhakikiwa. Katika gereji za Dodoma, kama katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, dereva husema "sailensa iko juu", na fundi humwelewa papo hapo: injini inazunguka kwa kasi kupita kiasi ilhali gari limesimama, gia haijaingizwa, na mguu haupo kwenye pedeli ya mafuta. Kwa watu wawili waliosimama mbele ya boneti iliyofunguliwa neno hilo latosha. Swali letu ni kama latosha katika maandishi.

Kwa maoni yetu halitoshi, na sababu ni mbili. Kwanza, katika Kiingereza cha Uingereza neno lenye umbo hilo ni jina la kifaa cha kupunguza mshindo katika bomba la moshi. Mtumishi wa ununuzi akipokea hati isemayo "sailensa ina kasoro" aweza, bila kosa lake, kuidhinisha bomba jipya, na gari likarudi barabarani na ugonjwa wake uleule. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, kwa kutimiza uamuzi wa mwaka 1973, hati za namna hii zapita mikononi mwa watu wengi zaidi mjini humo ambao hawatapata kuliona gari lenyewe. Pili, neno hili limebeba dhana ya ukimya, nasi twaambiwa kwamba ukimya huo "uko juu" wakati ambapo injini inanguruma kupita kawaida. Mwanafunzi wa ufundi atalikariri neno, lakini halitamwonyesha dhana.

Dhana yenyewe ni hii. Injini ya petroli isipovuta gari huhitaji hewa na mafuta ya kuiweka hai tu. Magari mengi madogo, injini ikiisha kupata joto, huzunguka baina ya mara 600 na 1,000 kwa dakika. Injini baridi huzunguka kwa kasi zaidi, na hilo si kasoro. Asubuhi ya Julai katika uwanda wa kati, dereva asiyelijua jambo hili hukimbilia gereji bure. Kwa hiyo taarifa isiyotaja kama injini ilikuwa na joto au la ni nusu ya taarifa.

Kasi ikibaki juu hata baada ya joto kupatikana, fundi mwangalifu hutafuta hewa inayoingia pasipo ruhusa. Hutazama kama waya wa pedeli ya mafuta umekazwa mno au umekwama kwa vumbi. Husikiliza mluzi wa hewa kwenye mipira iliyopasuka na gasketi zilizolegea. Katika gari la kabureta hukagua skrubu ya kurekebishia. Katika gari linaloongozwa na kompyuta hukagua vali ya hewa iliyoziba kwa masizi, au kihisi cha joto kinachoiarifu kompyuta kwamba injini ingali baridi. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa huku yaweza kuonyesha kasi nyingine ikifika Dar es Salaam. Anayeanza kwa kuikaza au kuilegeza skrubu kabla ya kutafuta chanzo huficha ugonjwa, hauponyi.

Je, tuiite nini kasi hiyo? "Uvivu wa injini" ni tafsiri ya neno kwa neno, na humfanya msomaji adhani injini imekosa nguvu. "Mzunguko tuli" hujipinga wenyewe, kwani kizungukacho hakijatulia. Tena "tuli" imekwisha kupata kazi katika fizikia, kama katika "umeme tuli". "Mzunguko bila mzigo" ni sahihi kwa mhandisi, lakini dereva wa lori la mahindi kutoka Kibaigwa atafahamu kwamba lori lake halijapakiwa. "Mzunguko wa chini" nao hushindwa pale tunapouhitaji zaidi, kwani hatuwezi kuandika kwamba mzunguko wa chini uko juu.

Twapendekeza "mzunguko wa kusubiri". Injini inausubiri mguu wa dereva, na mzunguko huo waweza kupanda, kushuka au kuyumba bila sentensi kujipinga. Fundi aweza kuandika: "Mzunguko wa kusubiri ni 1,500 kwa dakika, injini ikiwa na joto," na mpokeaji asihitaji kuuliza.

Vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyoanza kutolewa na Baraza mwaka 1974, viliweka neno mkabala na neno. Kwa istilahi za mitambo utaratibu huo haukidhi haja. Kila neno lapasa kufuatana na maelezo mafupi ya dhana na mfano wa sentensi. Wala hatudai kwamba "sailensa" ifukuzwe gereji, kwani fundi ana haki ya lugha ya kazi yake. Tunachodai ni kwamba vitabu vya mafunzo, hati za matengenezo na mitihani vitumie neno lisilomgharimu mtu bomba asilolihitaji. Walimu wa ufundi ndio watakaolipima kwa kulitumia mbele ya injini inayonguruma; likiwashinda wanafunzi wao, tutafute jingine.