Aliyepona Oran na aliyepona Butembo

Wakati vyuo vilifungwa mwezi wa tatu 2020 juu ya Corona, kulikuwa PDF moja ilikuwa inazunguka sana kwenye WhatsApp za wanafunzi: La Peste, riwaya ya Albert Camus iliyotoka 1947. Wengine walikuwa wanaisoma ili wajiandae. Sisi wa Butembo tulikuwa tunaisoma kama watu waliokwisha kupita pale, kwani kwetu Ebola ilikuwa bado haijatangazwa kuisha. Juzi nimeisoma tena, polepole. Niseme wazi tangu mwanzo: ni kitabu kikubwa juu ya upweke. Lakini kuna upweke mmoja ambao hakiuoni, na ni ule ambao sisi wenyewe tuliutengeneza.

Kwa yule ambaye hajaisoma: katika mji wa Oran, Algeria, panya wanakufa mitaani, kisha watu. Serikali inafunga milango ya mji. Aliye ndani hatoki, aliye inje haingii. Mbele ya hapo, daktari Rieux alikuwa amemsindikiza bibi yake mgonjwa kwenye treni, akatibiwe mbali. Hawataonana tena. Mwishoni tunagundua kwamba huyo Rieux ndiye alikuwa anatusimulia yote, na mara mingi hasemi «mimi», anasema «sisi».

Camus anajua upweke wa kutenganishwa, hapo hakuna ubishi. Barua zinakatazwa kwa kuogopa zitabeba ugonjwa. Inabaki telegramu tu, na watu waliopendana miaka mingi wanajikuta wanatumiana maneno matatu, mane, yale yale kila siku, mpaka maneno yenyewe yanakufa. Na kuna jaji Othon, mtu mukavu, asiyependwa na wasomaji. Mtoto wake mdogo anakufa wakati yeye yuko amefungiwa kwenye kambi ya karantini. Siku wanamruhusu kutoka, anaomba arudi kambini kufanya kazi, juu pale anajisikia hayuko mbali sana na mtoto. Mistari michache tu. Hapo nilifunga simu, nikakaa kimya.

Tuliokuwa Butembo 2019 tunajua hiyo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Mtu alikuwa anapanda ambulansi akiwa na jina, na familia inaona watu wamevaa kombinezoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Maiti ilikuwa haioshwi na ndugu. Ndiyo maana vile vyumba vya plastiki inayoonyesha, ambamo mgonjwa alilala na ndugu wakamwona wakiwa inje, vilikuwa na maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Dawa haziponyeshi macho ya mama anayetafuta mtoto wake.

Sasa, kitabu kinashindwa wapi?

Wengi wameshasema kwamba Waarabu hawamo. Ni kweli. Mwandishi wa gazeti, Rambert, anafika Oran kuchunguza maisha ya Waarabu, halafu ugonjwa unaanza na habari yao inapotea. Mji wa Algeria, lakini wanaolia, wanaopendana na wanaozikwa na majina yao ni Wafaransa karibu wote. Basi ile «sisi» ya Rieux ina mlango, na mlango huo ulifungwa mbele hata ya milango ya mji.

Lakini mimi kilichonisumbua zaidi ni Joseph Grand, yule karani mzee wa meya. Anashikwa na tauni, kila mtu anamhesabu amekufa, asubuhi wanamkuta amepona. Vizuri. Halafu? Halafu anaendelea na maisha yake. Hakuna jirani anayevuka barabara akimwona. Hakuna anayekataa kiti alichokalia. Kupona Oran ni mwisho wa shida.

Kwetu kupona kulikuwa ni mwanzo wa shida ingine. Kwenye mtaa wetu kulikuwa mama mmoja alikuwa anauzisha sombe na vitunguu. Nilikuwa mwanafunzi wa agronomia, na kila jioni nilikuwa ninanunua kwake, mara ingine kwa deni. Akashikwa, akapelekwa, akapona, akarudi na karatasi yake ya kuonyesha amepona. Akapanga vitunguu palepale. Hakuna aliyenunua. Mimi nilikuwa namsalimia nikiwa ng'ambo ya barabara, mkono juu, kama mtu mwenye haraka. Siku moja akaniita: «Mutoto yangu, ugonjwa iliisha. Juu ya nini munanikimbia?» Nikasema naenda kwenye somo. Hapakuwa na somo.

Na nilikuwa ninajua. Hiyo ndiyo mbaya. Darasani tulifundishwa kwamba mgomba wenye mnyauko unakatwa na kuzikwa, kisu kinapitishwa kwenye moto, ili shamba lipone. Kinga hiyo ni sawa kwa mgomba. Mgomba haujui kwamba uko peke yake. Lakini yule mama alikuwa amepona, na kununua kitunguu mkononi mwake kulikuwa hakunipi Ebola. Sikukosa elimu. Nilikosa moyo.

Nadhani najua kwa nini Camus hakuandika ukurasa huo. Aliandika akifikiria Ufaransa iliyokaliwa na Wanazi: adui anatoka inje, ndani kuna wenzetu. Kwa hiyo upweke wake ni kama mvua, unanyeshea wote sawasawa, na dawa yake ni kushikana mikono. Lakini Ebola ilipita ndani ya hiyo mikono. Ilipita kwa kuosha mgonjwa, kwa kulaza mtoto kifuani, kwa kuaga maiti. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, wale ambao katika riwaya hii karibu hawasemi kitu. Ugonjwa unaopita kwa upendo unamfanya jirani aonekane kama adui, na ukiisha, ile tabia inabaki.

Kuna kitu kingine ambacho Oran ya Camus haina. Beni na Butembo, karibu na vituo vya matibabu, watoto ambao wazazi wao walikuwa wanatibiwa walilelewa na waliopona, wale tulioita washindi. Walikuwa na kinga, wakaweza kubeba mtoto ambaye sisi wengine tuliogopa hata kumkaribia. Watu tuliowatenga ndio walikuwa wanazuia mtoto asilale peke yake. Ningependa kusoma riwaya inayoanzia pale.

Someni La Peste, siwakatazi. Jaji Othon peke yake anatosha kulipa usiku mzima wa kusoma. Lakini mukikuta neno «sisi», simameni kidogo, muulize ni nani hayumo. Nauliza hivyo juu 2024 mpox ilikuwa inatuzunguka, na mpox inaweza kuacha alama usoni hata kwa mtu aliyepona.

Yule mama alirudi kwao kijijini, upande wa Lubero. Pale alipokuwa anauzishia kuna kijana anaweka unité kwenye simu. Sikuenda kumwomba msamaha mbele aondoke. Na wewe unayesoma, kama wako bado yuko mtaani, hujachelewa. Nenda ununue kitu, upokee chenji mkononi mwake.