Mgeni wa heshima asiyeamini anachosema: kuhusu Assembly ya Natasha Brown

Kuna vitabu unavimaliza jioni moja halafu vinakukalia kichwani wiki nzima. Assembly ya Natasha Brown (2021) ni kimojawapo. Ni riwaya ya kurasa 100 hivi, na msimulizi wake hana jina: mwanamke mweusi Mwingereza, mwenye asili ya Jamaika, mfanyakazi wa taasisi ya fedha jijini London. Brown anaujua ulimwengu huo. Naye alifanya kazi kwenye sekta ya fedha.

Kisa kinaelekea kwenye sherehe ya bustanini kwa wazazi wa mpenzi wake, mzungu wa ukoo wenye mali za tangu zamani. Lakini kwangu mimi moyo wa kitabu uko shuleni. Kazini humtuma akaongee na wasichana, awaambie wasome, wajitume, watafika. Nani kati yetu hajawahi kusimama mstarini kumsikiliza mgeni wa heshima wa namna hiyo? Safari hii tunamsikia mgeni kwa ndani, na hayaamini maneno yake mwenyewe.

Hapo Brown ni mkali kweli. Anaonyesha jinsi mtu mweusi "aliyejumuishwa" kazini anavyogeuzwa tangazo. Na akipandishwa cheo, haikosi mtu wa kuona kapewa kwa sababu ya rangi. Juu ya hayo kuna deni la zamani. Riwaya inatukumbusha kwamba Uingereza ilipokomesha utumwa kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata kitu. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Yaani kodi ya msimulizi wetu nayo imo humo. Hebu piga hesabu hiyo.

Sasa, nina neno na mwandishi. Msimulizi ana saratani na anaamua kutotibiwa. Wapo watakaosema huo ndio uamuzi wake wa kwanza ulio wake kweli. Nawaelewa. Ila naona ugonjwa umemrahisishia Brown kazi, maana anayejiandaa kufa hana haja ya kuwaza Jumatatu ofisini. Na wale wasichana je? Baadhi yao wataingia kwenye ofisi zile zile, na riwaya haiwaachii hata neno moja. Swali gumu ni la yule anayebaki: ataishije mle ndani bila kuwa mwongo? Kitabu kinalifikia swali hilo mlangoni, kisha kinageuka.

Hata hivyo, kisome. Kwa Kiingereza jina lake hubeba mkusanyiko wa wanafunzi na pia kazi ya kuunganisha vipande, na Brown ametukabidhi vipande tuviunge wenyewe. Mimi kimeniachia kitu kimoja: siku nikialikwa tena kuwaambia wanafunzi "jitahidini tu, mtafika", nitasita kwanza.